Mshika Mkasi na Tangi la Maganda

Nchi yetu ina jina, tena jina zuri, lakini kwa sasa siruhusiwi kulitaja kwa sababu limepelekwa kwenye Kamati ya Mapitio. Kamati ilikwenda ng'ambo kujifunza jinsi nchi nyingine zinavyoitwa, na mpaka leo haijarudi. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, na ninyi wasomaji, ambao bila shaka ni wageni na hamjawahi kuona nchi ya namna hii, mtanielewa.

Mimi naitwa Mbwana Shekuwe, ila watu wa mjini wananiita Mzee Mkasi. Ndiyo kazi yangu hiyo. Mimi ni Mshika Mkasi wa Taifa. Kiongozi akienda kuzindua kitu, mimi hutembea nyuma yake nimebeba mto wa mahameli mwekundu, na juu ya mto, mkasi. Utepe ukishakatwa napokea mkasi, naufuta, narudi nyumbani. Wapo watu wenye midomo mirefu wanaosema hiyo si kazi. Haya, na waje wao wasimame juani na mto mikononi wakati Waziri anatambulisha wageni waalikwa, mmoja mmoja, pamoja na wale ambao hawakufika. Tutaona nani atakuwa wa kwanza kuomba maji.

Kwetu kitu hakianzi kufanya kazi kabla ya kuzinduliwa. Daraja likishajengwa, watu huendelea kuvuka mto kwa miguu, wamebeba viatu kichwani, mpaka mgeni rasmi apatikane. Zahanati ya Kibororo ilikuwa na dawa na wauguzi, lakini wagonjwa walilazwa nje chini ya utepe, na baadhi yao wakapona wenyewe kwa kuchoka kusubiri. Na kuzindua si kukata utepe peke yake. Mgeni rasmi lazima afungue kitu, iwe mlango, bomba au mfuniko, achungulie ndani, atikise kichwa, kisha aseme, "Nimejionea mwenyewe." Asipochungulia, watu watasema kiongozi hajali. Ndiyo mila yetu, na mwacha mila ni mtumwa.

Sasa sikilizeni jinsi mila hiyo ilivyokutana na maganda ya ndizi.

*

Mtukufu wetu (cheo chake kamili ni Mtukufu Baba Mlezi, Mfariji wa Wanyonge na Wenye Nguvu Pia) alialikwa chai na rais wa nchi jirani. Hapo mezani akapewa kijiko cha kukorogea. Kijiko cheupe, chepesi.

"Ndugu yangu," rais jirani akamwambia, kwa ile sauti yake ya kujidai, "hicho kijiko ni plastiki ya mabunzi ya mahindi. Tunaokota takataka za shambani, tunawapa vijidudu wazichachushe, tunapata asidi ya laktiki. Hiyo asidi ndiyo tunayotengenezea plastiki. Ukishamaliza chai yako ukikifukia hapo nje, kinaoza chenyewe."

Mtukufu hakumaliza chai. Alirudi siku ile ile. Uwanja wa ndege nilikuwapo na mto wangu, maana alikuwa amepangiwa kuzindua kurudi kwake. Akashuka ngazi amekinyanyua kile kijiko juu.

"Kijiko!" akasema. "Mimi, mtu mzima na heshima zangu, wamenipa kijiko cha takataka!"

"Wametudharau, Mtukufu," akajibu Waziri wa Viwanda, Mheshimiwa Pilingu, machozi yakimlengalenga. Mheshimiwa Pilingu ana kipaji cha machozi. "Angalau wangekupa upawa."

"Sitaki upawa! Nataka hiyo asidi! Nchi gani duniani ina maganda ya ndizi kutushinda sisi? Siku ya Taifa yule bwana atakuwa mgeni wangu hapa. Nataka nimkabidhi pipa zima la asidi yetu, mbele ya watu, na wataalamu wake waipime palepale. Pipa, Pilingu! Si kijiko!"

Ikatafutwa orodha ya watu wanaoijua kazi hiyo, na orodha ikawa na mtu mmoja: Dokta Hadia Kilungu, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyesomea vijidudu mpaka akavimaliza. Tangu arudi masomoni Wizara ilikuwa imempa kazi ya kulinda friji la soda za wageni. Akaitwa mbio, bado ana ufunguo wa friji shingoni.

"Unaweza?" Mtukufu akamuuliza.

"Naweza, Mtukufu. Kazi yenyewe ni ya siku chache tu. Ila kuna sharti moja, nalo ni..."

"Mmesikia wenyewe!" Mtukufu akageukia kamera. "Siku chache! Na asipoweza, Dokta wetu ataenda kusoma Shule ya Uzalendo."

Shule ya Uzalendo iko mlimani. Ina ukuta mrefu, na walimu wake hufundisha wakiwa na bunduki. Ni shule bora sana, sijapata kusikia mwanafunzi aliyefukuzwa pale. Wala aliyehitimu. Dokta Hadia aliishi na mama yake, Bi Mishi, ambaye macho yalikuwa yameshamwacha na hakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono hata kwenda msalani. Kwa hiyo Shule ilipotajwa, nilimwona Dokta akiushika ule ufunguo wa friji kwa mikono miwili. Sharti lake hakuna aliyelisikia.

*

Kesho yake ikatoka Amri ya Maganda. Kuanzia siku hiyo tunda la ndizi lilikuwa la raia, na ganda lake mali ya umma. Raia aliruhusiwa kumenya mbele ya mjumbe wa nyumba kumi tu. Mbuzi, ambao kwetu hulelewa kwa maganda, walikonda mpaka ukawa unawasikia mifupa. Mbuzi wa jirani yangu alikamatwa na ushahidi mdomoni.

Tangi likajengwa, kubwa, la bati linalometameta, katikati ya uwanja ili lionekane. Siku ya uzinduzi nilifika mapema na mto wangu, na kwa kuwa mgeni rasmi kwetu huwa hafiki kabla watu hawajaanza kuzirai, mimi na Dokta tulipata muda wa kuzungumza.

"Mzee Mkasi," akaniuliza, "ulipata kumwona mama yako akigandisha maziwa kwenye kibuyu?"

"Nani hajaona?"

"Akishakiziba, nani alikuwa anakifungua?"

"Kukifungua? Thubutu! Hata baba hakuthubutu. Angekula mwiko wa kichwa."

"Basi ndiyo kazi yangu hiyo. Ule ukali wa mtindi, ule wa togwa, ndiyo asidi yenyewe. Maganda nayakatakata, nayachemsha ili vijidudu vya uchafu vife, nayaacha yawe vuguvugu, halafu natia vijidudu vyangu na kufunga. Vinapenda joto, vinapenda giza, na zaidi ya yote vinapenda kuachwa. Ukifungua, inaingia kuvu na kila mhuni wa hewani. Hapo huna asidi tena, una jalala."

"Na lile bomba?" Bomba jembamba lilitokea juu ya tangi, likajipinda, na ncha yake ikazama kwenye ndoo ya maji. Lilikuwa linatoa mapovu: blu, blu, blu.

"Ukali ukizidi unaviua vijidudu vyenyewe. Kwa hiyo natia chokaa kuupoza. Sasa chokaa na ukali vikikutana vinatoa hewa, na hewa hiyo lazima itoke. Pale inatoka, lakini ya nje haiwezi kuingia."

"Kumbe ni Shule ya Uzalendo iliyogeuzwa," nikasema. Nilitaka acheke, lakini hakucheka.

Mheshimiwa Pilingu akafika na msafara wake. Akakata utepe vizuri, kisha akapanda ngazi na kuushika mfuniko.

"Mheshimiwa, nakuomba sana," Dokta akasema, "tafadhali lisifunguliwe."

"Dokta, mimi nimevaa suti."

"Naona, Mheshimiwa, lakini vijidudu..."

"Suti hii, Dokta! Nikawaambie nini wananchi? Kwamba nimekuja kuzindua mfuniko?" Akaufungua. Akachungulia, akapiga chafya mle ndani, akaomba kipaza sauti. "Ndugu zangu vijidudu! Serikali yenu inawathamini. Chapeni kazi, pendaneni, na epukeni majungu!" Kisha akawageukia watu. "Nimejionea mwenyewe!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa kiganja kimoja kwenye paja, kwa sababu ya mto.

Wiki haikuisha, yale maganda yakaota ndevu za kijani.

*

Dokta akaanza upya. Mkuu wa Mkoa akaja kuchunguza kwa nini ya kwanza yaliharibika, na atachunguzaje bila kufungua? Yakaharibika. Akaanza tena. Ikaja Kamati ya Bunge, wote walitaka kuchungulia, na kwa kuwa ngazi ilikuwa moja, mfuniko ulikaa wazi kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Baada yao Umoja wa Wake wa Viongozi wakaja kuvitembelea vijidudu, wakavipelekea sabuni. Wakaitumbukiza.

Halafu wakaja watu wa Idara ya Utumishi. Hao walikuwa wakali.

"Umeandika hapa kwamba kazi inafanywa na vijidudu," mkubwa wao akamwambia Dokta. "Wako wapi?"

"Humo ndani. Ni vidogo, havionekani kwa macho."

"Mfanyakazi asiyeonekana, Dokta, kwetu ni mfanyakazi hewa." Akafungua mfuniko, akamulika kurunzi ndani. "Kila aliyepo humu anyooshe mkono!"

Akasubiri. Nasi tukasubiri. Hakuna aliyenyoosha, na taarifa ikaandikwa kwamba watumishi wote ni watoro.

Dokta akaandika kibao kikubwa, USIFUNGUE, akakitundika kwenye mfuniko. Kibao kilikuwa kizuri, kwa hiyo Naibu Waziri akaja kukizindua. Akakata utepe, akakisoma kwa sauti, akasema maneno haya ni mazito, kisha akafungua tangi aone yanahusu nini.

Siku ya Taifa ikawa inakaribia, na tangi likawa linanuka mpaka kunguru wakauhama uwanja. Wizara ilipeleka marashi, lakini la kuvunda halina ubani. Shule ya Uzalendo, ambayo hufanya mambo yake kwa mpango, ikamtumia Dokta sare mapema ili ajaribu kama inamtosha.

Siku hiyo nilikuwa kwao, nimewapelekea ndizi mbivu. Bi Mishi aliipapasa ile nguo magotini kwake.

"Hadia mwanangu, nguo gani hii ngumu hivi? Ya nani?"

"Ya sherehe, mama. Ya Siku ya Taifa."

"Mbona haina mfuko hata mmoja?"

Dokta akaingia jikoni. Mimi nikaangalia dirishani. Roho iliniuma, sitaki kusema uongo, ingawa kikazi mimi si mtu wa kuumwa roho.

Alipotoka jikoni alikuwa amenawa uso. "Mzee Mkasi," akasema, "wewe umezindua kila kitu katika nchi hii. Nifikirie vizuri. Kipo chochote kilichozinduliwa ambacho hakuna kiongozi aliyerudi kukifungua?"

Nikafikiri. Daraja hurudiwa kila uchaguzi. Kisima cha Mtaa wa Chini nimekizindua mpaka utepe ukafanana na kamba ya ndoo, na maji bado. Nikafikiri tena.

"Kipo kimoja," nikasema. "Tangi la Maoni."

Niwaeleze wageni. Zamani palikuwa na sanduku la maoni na malalamiko nje ya Ikulu. Likajaa kwa wiki moja. Mtukufu, kwa moyo wake mkubwa, akaamuru liletwe kubwa zaidi: tangi la plastiki, kubwa kama chumba cha kupanga, lenye mwanya juu wa kutumbukizia barua. Siku ya kulizindua lilikuwa tupu, kwa hiyo hapakuwa na cha kuchungulia. Mtukufu akasema tu, "Malalamiko ya wananchi ni amana. Mtu yeyote asiyaguse!" Na agizo hilo, tofauti na maagizo mengine yote, lilitekelezwa.

"Lina rangi gani?" Dokta akauliza.

"Jeusi tii."

"Linapigwa na jua?"

"Kutwa nzima."

Dokta alinikumbatia, mwanamke wa watu na shahada zake, mpaka ndizi zikaanguka.

*

Kazi ilifanyika mchana kweupe. Mtu akitaka kujificha kwetu, basi aelekee kwenye Tangi la Maoni, hakuna jicho litakalomfuata. Kwanza Dokta alizitoa barua zote, akazitia kwenye magunia na kuzipeleka chumbani kwa mama yake. Bi Mishi hakuweza kuzisoma, lakini alikuwa mtu wa kwanza nchini kuzishika. Kisha tangi likaoshwa kwa maji ya moto, na tukaanza kupita na masufuria ya maganda.

"Mnapeleka nini?" askari wa lango akauliza.

"Malalamiko," Dokta akajibu.

"Yote hayo?"

"Ya wilaya nzima."

"Haya, piteni. Ila msiyamwage, nimefagia."

Dokta akatia vijidudu vyake na chokaa. Akauziba mwanya kwa nta, akaweka bomba lake na ndoo yake ya maji nyuma ya ukuta. Wananchi wachache walikuja na barua, wakakuta mwanya umezibwa, na walipotaka kulilalamikia jambo hilo hawakuwa na pa kulitumbukiza. Kule uwanjani tangi la bati liliendelea kuzinduliwa na kila mwenye suti. Dokta sasa alikuwa anawashikia ngazi kwa mikono miwili.

Siku ya Taifa ikafika. Bendi, bendera, watoto wa shule wamepangwa juani. Rais jirani akaja na wataalamu wake wawili wenye vichupa. Walimu wa Shule ya Uzalendo nao walikuwa wamesimama pembeni, mmoja ameikunja ile sare mkononi. Bi Mishi alikaa safu ya nyuma, anapiga makofi kila wenzake wakipiga.

Mtukufu akakata utepe, akapanda, akafungua lile tangi la bati.

Harufu iliyotoka siwezi kuieleza mbele ya watu wazima. Mpiga tarumbeta aliimeza noti. Mheshimiwa Pilingu akalia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. Mtaalamu mmoja akachovya kijiti, akakitazama, akakitupa pamoja na glavu.

"Hii si asidi, Mheshimiwa," akamwambia rais wake. "Hii sijui ni nini. Kuna sabuni humu."

Rais jirani akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mtukufu akageuka polepole, akamtazama Dokta Hadia. Mwalimu mwenye sare akaikunjua.

"Mtukufu," Dokta akasema, "hilo ni tangi la sherehe. Tangi la kazi liko nyuma ya Ikulu."

Tukaenda wote, bendi mbele. Tukalikuta tangi jeusi, limeandikwa kwa herufi kubwa: TANGI LA MAONI NA MALALAMIKO YA WANANCHI. Dokta akalifungua kwa mkono wake. Ikatoka harufu ya ukali safi, ya kibuyu cha maziwa kilichogandishwa na mtu anayejua. Wataalamu wakachovya, wakapima, wakatazamana, wakapima tena.

"Safi kabisa," wakasema. "Kuvu hamna hata chembe. Kusema kweli, Mheshimiwa, inaishinda ya kwetu."

Ngoma zikapasuka! Mheshimiwa Pilingu akanibusu mimi kwa makosa. Lakini rais jirani alikuwa bado anayasoma yale maandishi ya tangini.

"Hongereni," akasema. "Nisaidieni jambo moja tu. Sisi shida yetu kubwa ni watu kufunguafungua. Ninyi mlijuaje kwamba tangi hili, muda wote huo, hakuna kiongozi atakayelifungua?"

Jibu tulikuwa nalo sote, mpaka watoto wa shule. Lakini lilikuwa jibu la kumpeleka mtu mlimani, na mwalimu alikuwa bado ameikunjua sare. Dokta akamtazama mama yake kule nyuma.

"Ni maelekezo ya Mtukufu mwenyewe," akasema. "Siku ya kulizindua alisema mtu yeyote asiyaguse. Sisi wataalamu ndio tulichelewa kuelewa kina cha maneno yale."

Mtukufu akakunja uso. Akaukunjua. Mwanga ukaanza kumwingia taratibu.

"Nilisema," akasema. "Nilisema kabisa!"

"Alisema!" Mheshimiwa Pilingu akapaza sauti. "Nilikuwapo! Niliandika!"

Nami moyoni nikasema, Dokta, mwana wa Mishi, leo umepona.

*

Njia hiyo sasa inaitwa Mbinu ya Mtukufu ya Kutofungua, na chuo chetu kikuu kimempa Mtukufu shahada kwa ajili yake. Dokta Hadia akateuliwa Mkurugenzi Mkuu wa Maoni na Asidi. Sare ilirudishwa Shuleni, walimu wakasema wataitunza, vipimo wanavyo. Kila wilaya ikapata Tangi la Maoni lake, na mianya ya barua ikaondolewa kwa sababu inapitisha hewa. Asidi tunauza mpaka nchi jirani.

Aliyeumia ni mimi. Amri ilisema asifungue mtu, na pasipo kufungua hakuna kuzindua, na pasipo kuzindua mkasi wa nini? Nikawa nakatia mchicha.

Halafu mwezi huu Mtukufu akaanza kukosa usingizi wa mchana. Dirisha lake linaelekea lile Tangi la Maoni la kwanza, na lile bomba halinyamazi: blu, blu, blu.

"Pilingu," akauliza, "Tangi la Maoni linasema nini?"

"Linanung'unika, Mtukufu."

"Baada ya yote niliyolifanyia? Lizibeni!"

Dokta alikimbia hadi wizarani. Nilikuwa barazani, naomba kazi, nikayasikia yote. Akaeleza chokaa, akaeleza ukali, akaeleza hewa. Akasema bomba likizibwa, hewa itajaa mpaka plastiki ishindwe, na hapo litapasuka.

"Dokta, Serikali hii ni sikivu," Mheshimiwa Pilingu akamwambia. "Hayo ni maoni. Maoni yatumbukize kwenye Tangi la Maoni."

"Halina mwanya, Mheshimiwa. Mliuondoa."

"Basi hilo ni lalamiko lingine. Ziba bomba, Dokta, au ile nguo ya kule mlimani, nasikia wameipiga pasi."

Kwa hiyo leo mchana kizibo kinazinduliwa. Kizibo cha shaba, kimechongwa sura ya Mtukufu. Nimeitwa kazini! Wizara imeagiza tangi lijazwe maganda mpaka juu na chokaa mara mbili, ili wageni walione lina afya. Mtukufu atakipiga nyundo kizibo kiingie, kisha atahutubia palepale, mgongo kwenye tangi.

Jana nilipita kwa Dokta kumpa habari zangu njema. Nilimkuta anayafunga magunia ya barua kwenye mkokoteni, na Bi Mishi ameshakaa juu yake, na kibuyu chake cha mtindi mapajani.

"Mnahama?"

"Tunakwenda kumtembelea shangazi," Dokta akasema. "Kule kwa jirani. Kizibo nimeshakikabidhi, nimetii amri yote. Mzee Mkasi, hotuba ya kesho ni ndefu?"

"Wewe unamjua Mtukufu. Akianza, jua linamhama."

"Na wewe utasimama wapi?"

"Nyuma yake, na mto wangu. Kama siku zote."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akanishika mkono.

"Mzee wangu," akasema, "kesho simama mbali kidogo."

Nimelifikiria neno hilo tangu jana. Mbali sawa, lakini mkasi utafikaje? Mto ni ule ule na mkono wangu mfupi. Leo asubuhi nimechukua ule mti wangu mrefu wa kuangulia mapapai, nimeufunga mkasi kwenye ncha yake kwa kamba, na nimejaribu: nikisimama ng'ambo ya barabara, unafika jukwaani bila shida. Wakiniuliza nitawaambia ndiyo itifaki mpya.